Msilioshe Sufuria Lile

Marahaba, wanangu, marahaba. Vuteni viti mkae, msisimame kama mko kwenye foleni ya sukari. Mmesema mnataka kusherehekea makumbusho yetu, mtawaita watu wa mitaani waje na vitu vya wazee wao, mpambe, mpige na ngoma. Vizuri sana. Mkasema na mimi niongee machache kuhusu kazi. Hapo ndipo mlipokosea, mimi machache siyawezi.

Nimekuwa mhudumu wa chumba cha maonyesho tangu nikiwa msichana mpaka goti langu hili la kushoto liliponikatalia ngazi. Kwetu Kariakoo walikuwa wananitania, "Zainabu we, kazi yenyewe si kufuta vumbi tu?" Nawajibu ndiyo, ni kufuta vumbi, lakini nyie kufuta vumbi mnakujua? Kitu cha ngozi hakiguswi na kitambaa kibichi, kesho utakikuta kimeota ukungu. Ngoma, ngao, viatu vya zamani, vyote hivyo ni brashi laini, unaanza juu unashuka chini, na pumzi yako unaigeuzia pembeni. Chungu hakinyanyuliwi kwa shingo. Sufuria halinyanyuliwi kwa masikio. Unapitisha mikono miwili chini ya tumbo lake, unalileta kifuani, kama unavyombeba mtoto aliyetoka kuoga. Na kabla hujanyanyua kitu, angalia kwanza unaenda kukiweka wapi. Nimeona watu wazima wamesimama na chungu katikati ya chumba, wanazunguka hawajui pa kukitua, jasho linawatoka.

Aliyenifundisha haya ni Ndugu Lazaro, mkuu wetu wa makumbusho miaka ile ya Ujamaa. Mtu wa kusini, Mkristo, mrefu, mkimya, siku zote kwenye kaunda suti moja ya kijivu ambayo viraka vyake tulikuwa tunavijua vyote. Hakuwa mtu wa kugombeza. Siku moja kuli wa bandarini aliingia kujipumzisha, akakuta kiti cha chifu hakina mtu, akaketi, akavua na viatu. Mimi nimeshashika kiuno tayari kufoka. Ndugu Lazaro akamsogelea taratibu akamwuliza, "Ndugu, uchifu unauonaje?" Yule bwana akajinyoosha, akasema, "Unaumiza mgongo, ndugu yangu. Ndiyo maana walikuwa wakali." Tulicheka mpaka tukasahau kumwambia anyanyuke.

Lakini kwa jambo moja Ndugu Lazaro alikuwa mgumu. Kitu kikishaingia kwenye maonyesho hakitoki mpaka maonyesho yaishe. Zamani, kabla mimi sijaajiriwa, aliwahi kumwazima mtu ngoma ya kale kwa ajili ya sherehe, na ngoma ile hadi leo haijulikani iliko. Tangu hapo ukimwambia "kuazima" anakunja uso.

Sasa niwaambie habari ya sufuria mnaloliona kwenye chumba cha Kariakoo, lile jeusi, ambalo mmoja wenu jana aliniuliza kwa nini hatulioshi. Nilikunyamazia makusudi, mwanangu. Jibu lake ni refu.

Soko la zamani la Kariakoo lilipobomolewa ili lijengwe hili jipya, watu wa mtaani walipata kama mshtuko. Hakuna aliyelikataa soko jipya, tulilisubiri kwa hamu. Ila paa lile la zamani lilipoondoka watu wakawa wanapita, wanasimama, wanatazama uwazi. Wengi walikuwa wamezaliwa wanaliona. Basi balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha kikao, watu waseme ni vitu gani vingine vya mtaa visipotee hivihivi. Wanaume wakaongea sana kuhusu majengo. Mwishowe akasimama Bi. Mwanaheri.

Bi. Mwanaheri alikuwa mpishi wa shughuli wa mtaa wetu. Mwanamke mnene, sauti nzito, hachekeshwi ovyo. Akasema, "Juzi nimeenda kule kazini kwa Zainabu. Nimeona mikuki. Nimeona ngao. Nimeona fuvu la mtu ambaye hata jina lake hawalijui, wamemwekea kioo. Sisi wa Kariakoo tumekosa nini? Au mpaka tufe tubaki meno?"

Kikao kizima kikaangua kicheko, lakini wazo lake likapita. Balozi na kina mama wakaja mpaka ofisini kwa Ndugu Lazaro kudai chumba. Na hapo ndipo nilipompenda yule bwana, maana hakuwaambia waandike barua wasubiri. Alisema, "Chumba kipo. Nileteeni mtaa wenu niuweke humo." Watu wakaleta. Cherehani ya kukanyaga, taa za chemli, mbuzi za kukunia nazi, mabao, vigoda, redio iliyokufa. Na kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa sufuria la Bi. Mwanaheri.

Nikisema lake, si lake peke yake. Lilikuwa la chama cha kina mama, yeye alikuwa mtunzaji. Sufuria la shaba, kubwa, mtoto angeweza kujificha ndani. Mama yangu alikuwa mwanachama, na mimi akaniingiza nilipokua. Haki ya mwanachama ilikuwa mbili tu: harusi ya mwanao itapikwa humo, na siku ukifa, wali wa hitima yako ya siku ya tatu utapikwa humo. Uwe mwenye nyumba au mpangaji wa chumba cha uani, wali wako unatoka kwenye shaba ileile. Na Bi. Mwanaheri akishaivisha hitima ya mwenzie, hupakua sahani ya kwanza, halafu hugonga ukingo wa sufuria kwa upawa, mara moja, ngoo! Anasema, "Haya shoga, umekula haki yako." Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kula. Alikuwa amewafanyia hivyo wenzake wengi, akiwemo mama yangu.

Mnajiuliza kwa nini alikubali kulileta kwetu. Miaka ile vyombo vilikuwa adimu madukani, na wanunuzi wa shaba chakavu walikuwa wanapita uchochoro hadi uchochoro. Mitaa ya jirani masufuria ya aina ile yalishaondoka. Bi. Mwanaheri alikuwa ameanza kuumwa kifua. Aliniambia, "Zainabu mwanangu, nataka likae mahali ambapo hata nikifa hakuna mjanja wa kuliuza."

Ndugu Lazaro alienda mwenyewe uani kwake kuliona. Lilikuwa jeusi tii kwa nje. Akalizunguka, akapitisha kidole, akatazama masizi kidoleni kama mtu aliyeokota johari. Akasema, "Haya masizi ni harusi na misiba ya watu wote hawa. Wiki ijayo tutalichukua." Akaondoka zake, na kumbe lile neno la masizi hakuna aliyelitilia maanani.

Sasa kina mama wa Kariakoo mnawajua. Sahani ikienda kwa jirani bila kung'aa ni aibu ya ukoo mzima. Je, sufuria linaenda kutazamwa na mgeni rasmi siku ya ufunguzi, liende na masizi? Walikutana uani, na mchanga, na majivu, na ndimu, na makumbi ya nazi. Walisugua siku nzima huku wanaimba. Walisugua nje, wakasugua na ndani. Lililetwa kwenye makumbusho kwa mkokoteni, limefunikwa kanga mpya, kina mama nyuma wanapiga vigelegele tangu Mnazi Mmoja.

Ndugu Lazaro akafunua kanga. Akafunika tena. Akafunua.

"Masizi yako wapi?" akauliza.

"Tumeyatoa," akajibu Bi. Mwanaheri, kifua mbele.

"Mmeyatoa?"

"Yote. Mikono hii tazama ilivyochubuka."

"Mama yangu, mimi nilitaka masizi."

"Hee! Unataka tuonekane wachafu mbele ya serikali?"

Mimi nilikimbilia stoo nikacheka huko peke yangu. Niliporudi nikakuta Ndugu Lazaro ameinama, amechungulia ndani ya sufuria, hali ya kucheka hana. Sufuria la shaba, wanangu, huwa linapakwa bati kwa ndani, kwa sababu shaba tupu inadhuru chakula. Mchanga wa kina mama ulikuwa umeliondoa bati lote, shaba imebaki nyekundu. Alisema tu, "Haidhuru, huku halitapika tena." Kisha akalibeba kwa tumbo, akaliweka kwenye jukwaa lake katikati ya chumba. Lilikuwa linang'aa mpaka unajiona. Na Bi. Mwanaheri akawa anakuja kulitembelea. Anaketi kwenye benchi akilitazama, na watoto wa shule wakipita anawaambia, "Hilo ndilo lililowaozesha bibi zenu."

Siku mbili kabla ya ufunguzi, nikiwa nafagia, akaja Bi. Tatu, msaidizi wake, na kina mama wenzake, wote wamejitanda kanga, macho mekundu. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Bi. Mwanaheri alikuwa amefariki alfajiri ile. Alasiri wangemzika Kisutu, na hitima ingekuwa siku ya tatu, ambayo ndiyo siku hasa ya mgeni rasmi.

Bi. Tatu akamwambia Ndugu Lazaro, "Mwanangu, tumekuja kuchukua sufuria. Ni kwa siku tatu tu, tutalirudisha."

Ndugu Lazaro akawapa pole, kwa heshima zote. Kisha akasema hawezi. Mgeni rasmi anakuja, ameshaelezwa habari za sufuria hilo, na kitu kikishaingia hakitoki.

"Huyu amewapikia hitima wenzake wote," Bi. Tatu akasema. "Yeye ndiye awe wa kwanza kuikosa haki yake? Tena kwa sababu amewaamini nyie?"

Ndugu Lazaro akanigeukia mimi. "Zainabu, nipe funguo za chumba. Sitaki nikuweke kwenye mtihani." Nikampa. Ilinichoma sana, wanangu, siwafichi. Alinijua. Angeniachia zile funguo, ningelitoa sufuria mchana kweupe na kazi ningeipoteza. Na kwa kunyang'anywa, niliona haya kupita mbele ya kina mama wale. Bi. Tatu hakunitazama. Aliwaambia tu wenzake, "Twendeni. Tutaazima kwa majirani."

Kesho yake mchana Ndugu Lazaro alikuja msibani. Alikuja peke yake kwa miguu kutoka kazini kule Posta, akavua viatu, akaketi kwenye jamvi na wanaume wengine. Mimi nilikuwa uani na kina mama. Kulikuwa na fujo huko! Sufuria ndogondogo za kuazima, kila moja na moto wake, hii imeungua, hii ina mchele mbichi, hii imeshakwisha na watu bado wanamiminika. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kumlilia aliyewalisha, na chakula hakitoshi. Bi. Tatu alikuwa anapakua huku machozi yanamdondoka kwa aibu.

Alipoambiwa Ndugu Lazaro amekuja, alijifuta uso kwa kanga, akachukua sahani nzuri, akaijaza wali usioungua, akampelekea kwa mkono wake mwenyewe. Nilimfuata na maji ya kunawa. Nilidhani atamsema mbele za watu. Alimwambia, "Karibu, mwanangu. Kula, umetembea na jua."

Ndugu Lazaro akamega tonge, akala. Akamega la pili. Kisha akatazama kushoto na kulia kwake, akaona wazee wamekaa na mikono mikavu.

"Mbona wengine hawajala?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sufuria za kuazima, ndugu. Hazifiki."

Akaisogeza ile sahani katikati ili wenzake wale. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani.

"Na mgeni rasmi kesho?" nikamwuliza.

"Najua."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, Zainabu. Nitajua kesho. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nilikimbia, mnisikie vizuri, wakati huo goti lilikuwa zima. Tukalitoa na kina mama, lakini lisingeweza kwenda jikoni na shaba tupu. Tukalipeleka kwanza kwa Bwana Kanji, mhunzi wa vyombo wa Kihindi aliyekuwa na duka upande wa Kisutu. Alikuwa anafunga. Nikamwambia ni la nani. Akafungua tena milango, akasema, "Mwanaheri? Kila harusi alikuwa ananipikia sufuria ndogo pembeni, wali bila nyama, anasimama mlangoni anahakikisha nakula." Akawasha moto. Mkiona kazi ile hamtaisahau: analipasha sufuria, anarushia unga unaofuka moshi mweupe, anadondosha bati, kisha analisambaza kwa pamba upesiupesi kabla halijapoa, na ile shaba nyekundu inageuka nyeupe mbele ya macho yako. Alikuwa anakohoa kwa moshi na kujifuta macho, na si moshi peke yake uliokuwa unamtoa machozi.

Hitima ya Bi. Mwanaheri sikuihudhuria. Nilikuwa kazini, nimesimama kando ya jukwaa tupu, sare imepigwa pasi, roho iko Kariakoo. Mgeni rasmi akaingia na ujumbe wake, akapita kwenye cherehani, akapita kwenye taa za chemli, akafika katikati ya chumba.

"Na hapa pana nini?" akauliza.

Ndugu Lazaro akakohoa. "Hapa ni pa sufuria la mtaa, ndugu mgeni rasmi. Leo liko kazini."

"Kazini wapi?"

"Msibani. Aliyelitunza amefariki. Leo ndiyo hitima yake."

Nilihesabu kazi yake imekwisha, na yangu juu yake. Mgeni rasmi akatazama lile jukwaa, akavua kofia, akasema, "Basi nitarudi kuliona likitoka kazini." Akaendelea mbele. Hakurudi hadi leo, lakini na kazi hatukufukuzwa.

Jioni mkokoteni ukaingia getini. Safari hii hakukuwa na kanga juu yake. Sufuria lilikuwa jeusi kwa nje, lina harufu ya moshi na iliki, na punje za wali zimeganda kwenye ukingo. Bi. Tatu akasimama mbele ya Ndugu Lazaro.

"Tumebishana sana," akasema. "Wenzangu walitaka kulisugua. Nikawaambia hapana, mtoto wa watu tangu mwanzo alitaka masizi. Haya ni ya Mwanaheri. Chukua."

Kisha akanigeukia mimi, akanishika mkono. "Nimegonga, Zainabu. Amekula haki yake." Hapo nililia kwa sauti, mbele ya walinzi na kila mtu.

Ndugu Lazaro akapitisha mikono miwili chini ya tumbo la sufuria, akalileta kifuani, akalibeba ndani mwenyewe. Ile kaunda suti ya kijivu haikutakata tena. Kuanzia hapo alinifundisha swali ambalo na yeye alikuwa amelijua juzi tu: mtu akikuletea kitu, usimwulize tu kina umri gani na kimetoka wapi. Mwulize mtakihitaji tena lini. Vitu vingine havijaacha kazi. Ukivifungia moja kwa moja, unakuwa umewanyang'anya watu, hata kama umevifuta vumbi kila asubuhi.

Tangu siku ile sufuria lile lilikuwa linatoka kila anapofariki mwanachama. Linapakwa bati, linapika, linarudi bila kuoshwa. Lilitoka alipofariki Bi. Tatu pia, wakati huo nyumba nyingine za mtaa ule zilishageuka maghorofa, tukapikia kwenye kibarabara kati ya magari. Masizi mnayoyaona pale ni ya wanawake ambao mimi niliwaita mama, na yapo yamelaliana. Nimeyapitishia brashi pembeni miaka yote, sikuyagusa.

Wote wameshakula haki yao. Nimebaki mimi. Siwaambii haya mnihurumie, goti linauma lakini mwenyewe bado nipo nipo. Nawaambia kwa sababu funguo za chumba kile sasa mnazo nyie, na hamtaki vitu viguswe, mmefundishwa vizuri. Sherehe yenu fanyeni, pambeni, pigeni ngoma, na mimi nitakuja nikae mbele. Lakini siku yangu ikifika, hata ikiangukia siku ya mgeni rasmi, msianze kutafutana maofisini. Lipelekeni kwanza kwa mjukuu wa Bwana Kanji alipake bati, kazi ya babu yake anaijua. Mlibebe kwa tumbo, si kwa masikio. Wali ukiiva, pakueni sahani ya kwanza, mmoja wenu achukue upawa agonge mara moja.

Na mkilirudisha, msilioshe.